Darasa la 2020: Tulifundishana Mpaka Tukavuka

Jumanne ya Machi 17, 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote nchini, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku moja kabla, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alikuwa ametangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania, abiria aliyeingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Kwa mtoto wa darasa la nne ile ilikuwa likizo ya ghafla. Kwa kidato cha sita ulikuwa mtikisiko, maana mtihani wa taifa ulipangwa kuanza Mei 4, na kila kitu, kuanzia ratiba ya marudio hadi nauli ya kurudia nyumbani, kilikuwa kimepangwa kuizunguka tarehe hiyo.

Nilikuwa mmoja wa darasa hilo, tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, katika shule ya serikali ya bweni ya wavulana huko Nyanda za Juu Kusini. Mwaka huu tulikutana wengi kwa mara ya kwanza tangu tuachane, kwenye harusi ya mwenzetu mjini Morogoro. Shughuli ilipokwisha tulibaki ukumbini hadi wahudumu wakaanza kukusanya viti. Tuliongea mengi usiku ule, na katika yote hayo hakuna aliyetaja daraja alilopata. Daraja la kwanza la pointi tano, daraja la tatu la pointi kumi na tano, mambo ambayo wakati ule tuliyaona ndiyo hukumu ya maisha, hayakupata nafasi mezani. Watu walikumbushana nani alimfundisha nani, na somo gani. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Darasa la 2020 lina historia yake hata kabla ya korona. Wengi wetu tulizaliwa kati ya 1999 na 2001, na tuliingia kidato cha kwanza 2014. Wakati huo mzazi alilipa ada ya shilingi 20,000 kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa ya bweni, na juu yake kulikuwa na michango yenye majina mengi: ya mlinzi, ya dawati, ya maabara, ya taaluma. Januari 2016, tukiwa ndiyo tunaingia kidato cha tatu, serikali ikaanza kugharimia elimu hadi kidato cha nne, ada ikafutwa. Tukafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2017 bila kudaiwa. Julai 2018, tulipofika kidato cha tano, tuliikuta ada inatusubiri tena, kwa sababu msamaha uliishia kidato cha nne. Kwa kidato cha tano na cha sita ilikuja kufutwa mwaka wa fedha 2022/23, sisi tukiwa tumeshaondoka. Namkumbuka mama yangu mwaka ule wa 2018 akitoa stakabadhi za zamani kwenye mfuko wa nailoni, akizipanga upya, ilhali alidhani amezihifadhi kwa kumbukumbu tu.

Hata madaraja yenyewe yaligeuzwa mbele ya macho yetu. Tulipoanza sekondari Baraza la Mitihani lilikuwa linahamia mfumo wa wastani wa alama. Tulipofika kidato cha tatu tukarudishwa kwenye divisheni. Walimu walilazimika kutueleza upya maana ya kufaulu.

Kisha kuna suala la kupangwa. Anayepanga wanafunzi wa kidato cha tano ni serikali, na tangu enzi za Mwalimu Nyerere nchi hii imeona faida ya kumchukua kijana wa Mtwara ikampeleka Kagera, na wa Kagera ikamleta Tanga. Orodha ilipotoka 2018, katika bweni letu tulikutana watu wa Ukerewe, Kilwa, Karatu, Sumbawanga, Lushoto, Kasulu na Temeke. Wengine walikuwa hawajawahi kuvuka mpaka wa mkoa wao. Waliotoka Dar es Salaam walipandia Ubungo, kwa kuwa stendi ya Mbezi ilikuwa bado haijafunguliwa. Wa Kanda ya Ziwa walilala njiani kwa sababu wakati huo mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha. Ruhusa ilikuja 2023. Walifika na vumbi la siku mbili, na matranka ya bati yaliyobonyezwa na mizigo ya watu wengine.

Fomu ya kujiunga ilikuwa na orodha ndefu: godoro la futi mbili na nusu, shuka mbili za rangi moja, ndoo, jembe lenye mpini, kwanja, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, sahani na kijiko. Kwa kaya nyingi orodha hiyo ilikuwa nzito kuliko ada. Mwenzetu mmoja alikuja na jembe ambalo mpini wake ulikuwa umelainika kwa mikono ya babu yake, na alilitunza miaka yote miwili asije akaibiwa, akiliweka uvunguni mwa kitanda chake kila usiku.

Maisha ya bweni kila aliyepita shule ya bweni anayajua, sitakaa sana hapo. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, ikigongwa kwa kipande cha nondo saa kumi na moja alfajiri. Mchakamchaka, usafi, uji, paredi. Mchana ugali na maharage, siku mbili kwa wiki wali, Jumamosi makande. Baridi ya Juni na Julai kule si ya kusimuliwa kwa mtu wa pwani. Yule wa Kilwa wiki ya kwanza alivaa nguo zake zote kwa pamoja na bado midomo ilimpasuka. Njuka, yaani wageni, tulikuwa sote, kidato cha sita walitupokea kwa kelele za siku tatu nne, kisha wakatuonyesha bomba lipi hutoa maji na lipi ni pambo.

Ninachotaka kukaa nacho ni pindi, masomo ya usiku tuliyofundishana wenyewe.

Mwalimu wa hisabati alikuwa mmoja. Alikuwa na kidato cha tano na cha sita, tahasusi za PCM na EGM, na bado alikuwa na vipindi kidato cha tatu na cha nne. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye sauti iliyokauka kwa chaki, na hadi leo tukimtaja tunasema Mwalimu bila kuongeza jina na kila mtu anajua ni nani. Lakini siku ina saa zake. Silabasi ya hisabati ya kidato cha tano na sita ni nene, na miaka miwili ya kidato cha tano na sita haifiki miaka miwili: unaingia Julai, ukitoa likizo unabaki na miezi isiyozidi ishirini, na Mei unakaa kwenye chumba cha mtihani. Fizikia ilikuwa hivyohivyo. Kuna muhula mzima PCB walipita bila mwalimu wa baiolojia, wakisoma wenyewe kile kitabu kinene tulichokiita BS, nakala nne kwa darasa zima.

Kwa hiyo saa nne usiku, prepo ikishaisha na mwalimu wa zamu akishapita na tochi yake, madarasa mawili ya mwisho yalibaki na taa. Hapo ndipo zilipokuwa zinashushwa pindi. Mwanafunzi aliyeielewa mada alisimama ubaoni, na wasioielewa walikaa kwenye madawati, bila kujali kwamba wote walikuwa kidato kimoja, umri mmoja, na mchana waligombania maji kwenye bomba lilelile.

Yule wa Ukerewe ndiye aliyekuwa na umati mkubwa kuliko wote. Baba yake mvuvi, mama yake mwanika dagaa, na yeye hisabati alikuwa ameikamata kwa namna ambayo sijaiona tena. Mimi wa HKL sikuwa na mtihani wa hesabu, lakini usiku mwingine nilikaa nyuma kwa sababu ya raha ya kumsikiliza. Ubao wa darasa lile ulikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, na mstari wowote wa hesabu ulilazimika kuuruka. Usiku ninaoukumbuka zaidi ni ule aliofundisha kutafuta eneo kwa kujumlisha vipande vidogo visivyo na idadi. Hakuanza na kanuni. Alichora duara, akalikata vipande vyembamba kutoka katikati, akauliza kila kipande kinafanana na umbo gani. Mmoja akasema pembetatu. Akauliza, ina makosa gani? Mwingine akasema ubavu mmoja umepinda. Akauliza, nikikata vipande vyembamba zaidi kupinda kutapungua au kutaongezeka? Darasa likanyamaza, kisha mtu mmoja pembeni akacheka peke yake, kile kicheko cha mtu aliyefunguka. Ndipo akaandika kanuni, ikaruka ufa, ikaishia upande wa pili. Kitabu alichotumia kilikuwa Tranter isiyo na jalada, iliyoachwa na waliotangulia, kurasa zake zimejaa miandiko ya watu ambao hatukuwajua.

Sisi wa HKL tulikuwa na shida ya namna nyingine. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilikuwemo kwenye orodha ya vitabu teule, na bwenini kwetu nakala zilihesabika. Tulisoma kwa zamu kwa sauti, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza, kwenye ngazi za bwalo la chakula siku za Jumapili. Ukaja ushairi. Kimbunga ni diwani ya Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, mtu wa bahari, na katika darasa letu wengi walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Kijana wa Karatu aliyekulia kwenye ng'ombe na mahindi anasoma habari za pepo na mawimbi, anaelewa kila sentensi na haoni kitu. Yule wa Kilwa, ambaye mwaka wa kwanza tulimhurumia kwa baridi, ndiye aliyetuvusha. Alisimama akaeleza kusi inavuma miezi gani na kaskazi miezi gani, jahazi hufanya nini upepo ukigeuka, kwa nini nahodha huangalia rangi ya maji. Alichora tanga kwa kijiti kwenye vumbi. Mimi nilikuwa nimesoma uchambuzi ule mara kadhaa kwenye notisi zilizochapwa, lakini ushairi uliniingia siku ile. Na wa Karatu alimlipa: alipokuja kufundisha historia ya ufugaji na ukulima wa makabila ya bara, alikuwa anaongea mambo ya nyumbani kwao.

Nasema alimlipa, lakini hatukuwa tunahesabiana. Huo ndio utajiri wa kuwachanganya watoto wa nchi nzima katika bweni moja, na ninaamini kwa dhati kwamba ni miongoni mwa mambo bora ambayo taifa hili limewahi kuyafanya. Baba yangu mdogo, aliyemaliza kidato cha sita baada ya Azimio la Musoma la 1974, alipitia JKT na kisha kazini kabla ya kuruhusiwa kuomba chuo kikuu. Alikuwa akisimulia rafiki zake wa shule kama anavyosimulia ndugu. Nilipokuwa mdogo nilidhani anatia chumvi.

Tangazo la Machi lilitufikia jioni. Mkuu wa shule alituita paredi, akasema kwa maneno machache, na asubuhi yake tukaanza kuondoka. Mahafali yetu yalikuwa yamepangwa mwishoni mwa mwezi huo. Shule nyingi zilikuwa zimeshafanya yao tangu Februari, sisi tulichelewa kwa sababu ya ukarabati wa bwalo. Fulana zilikuwa zimeshachapishwa, zenye majina yetu wote mgongoni, na ziligawiwa stendi, mtu akiwa ameshika tranka kwa mkono mmoja. Risala iliyoandikwa na kamati haikusomwa. Wazazi waliokuwa wameshakata tiketi za kuja kula pilau na kuona kijana wao akipewa cheti walizirudisha.

Aprili marufuku ikaongezwa bila kutajwa tarehe ya mwisho, na mtihani wa Mei 4 ukaahirishwa. Hapo ndipo darasa moja lilipogawanyika makundi mawili. Waliokuwa na simu janja na hela ya bando waliendelea kwa namna fulani. Kundi letu la WhatsApp, lililoanzishwa kwa ajili ya salamu na picha, likawa darasa: mtu anapiga picha ya swali, mwingine anajibu kwa sauti ya dakika nne, na usiku wa manane bado kuna anayeuliza. Kulikuwa na vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni pia. Waliobaki, na walikuwa wengi, walirudi kwenye kazi. Mashambani kusini ilikuwa msimu wa kupalilia na kulinda mahindi yasiliwe na nyani. Yule wa Ukerewe alikuwa kwenye dagaa: usiku wa giza wanavua kwa taa, asubuhi wanaanika mchangani, mchana ndiyo analala. Hakuwa na simu yake. Mwalimu bora wa hisabati wa darasa letu alipotea kwa zaidi ya miezi miwili, na kwenye kundi kulikuwa na picha za maswali ambazo hakuna aliyeweza kuzijibu.

Mei 21, akiwa Chamwino, Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kwamba vyuo na kidato cha sita vifunguliwe Juni 1. Ratiba mpya ikatoka: mtihani kuanzia Juni 29 hadi Julai 16. Tulikuwa na wiki nne.

Mwezi ule wa Juni ndio tulioutaja zaidi Morogoro. Tulirudi kwenye shule tupu. Kidato cha tano hawakuwepo, wala cha nne, wala cha tatu. Mabweni yaliyozoea kujaa yakawa na sisi tu, vitanda vimetenganishwa, mtu mmoja kwenye dabodeka ya watu wawili. Getini kulikuwa na ndoo za maji zenye koki na sabuni, na maji yale alfajiri yalikuwa baridi kiasi cha vidole kufa ganzi. Barakoa zilikuwa za vitenge, zimeshonwa na mama zetu na dada zetu, na ungeweza kujua mtu katoka mkoa gani kwa kuangalia kitambaa cha mdomoni. Ilikuwa enzi za kujifukiza. Jikoni kulikuwa na sufuria la majani ya mkaratusi na malimau, na wapishi walisisitiza. Chakula kilitosha, kwa mara ya kwanza. Na hofu ilikuwepo. Wenzetu wawili walikuwa wamezika jamaa zao kipindi kile, na hawakusema waliugua nini, na hatukuwauliza.

Yule wa Ukerewe alifika siku ya tatu. Alikuwa mweusi kwa jua na mikono imechanika kwa chumvi ya jasho na kamba. Aliweka tranka, akanawa, akala, na saa nne usiku akasimama kwenye ubao ule wenye ufa. Hakuwa amegusa kitabu tangu Machi. Alisema wazi kwamba mada mbili amezisahau, na akaomba waliosoma likizo wazishushe wao kwanza, yeye akae kwenye dawati. Basi waliofundishwa naye mwaka mzima wakamfundisha yeye. Nimefanya kazi na watu wenye shahada nyingi tangu wakati huo, na sijawahi kuona unyofu wa namna ile.

Wiki nne zile tulilala saa chache sana. Kulikuwa na ratiba ya pindi iliyobandikwa mlangoni, iliyopangwa na kaka mkuu, na ndani yake kila mmoja alikuwa na jina lake angalau mara moja, hata wale ambao miaka yote hawakuwahi kusimama mbele. Wakati wa amani shule ina vipanga wachache wanaosikika. Juni ile kila mtu alitafutwa kwa alichonacho. Kuna kijana mmoja wa CBG, mkimya, mwenye kigugumizi, aliyetufundisha wote mada za Maarifa ya Jumla kuhusu katiba na bunge kwa sababu alikuwa amesikiliza redio miezi yote ya kufungwa. Alichukua muda mrefu kumaliza sentensi na hakuna hata mmoja aliyemkatiza.

Jumatatu ya Juni 29, asubuhi tuliyoingia kwenye mtihani, ndiyo siku shule nyingine zote nchini zilipofunguliwa. Wakati tunatoka kwenye chumba, kidato cha tano walikuwa wanashuka kwenye magari na matranka yao, wanatuangalia kwa mbali. Kila tahasusi ilimaliza siku yake, kwa hiyo hata kuagana hatukuagana pamoja. HKL tuliondoka mapema. PCM walibaki na vitendo vyao vya maabara. Namba ya mtihani ninaikumbuka mpaka leo, na nina hakika kila aliyefanya mtihani ule anaikumbuka yake.

Matokeo yalitoka Agosti 21. Oktoba 28 tukapiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwetu. Novemba vyuo vikafunguliwa, wenye mikopo ya Bodi wakaenda, waliokosa wakaenda kwa kuuza mbuzi au kwa mchango wa ukoo, na baadhi hawakwenda kabisa. Machi 17, 2021, mwaka mmoja kamili tangu shule zifungwe, taifa likatangaziwa kifo cha Rais Magufuli. Wengi wetu tulikuwa mabwenini tena, safari hii ya vyuo.

Leo tuko kila mahali. Mmoja ni daktari anayemalizia mafunzo ya vitendo, mmoja ana duka la vipuri Kariakoo, wawili ni askari, mmoja analima parachichi Njombe na ndiye mwenye hela kutuzidi wote. Walimu ni wengi: baadhi wameajiriwa, baadhi wanajitolea kwa posho ya wazazi huku wakisubiri ajira, wakiwa na shahada mkononi. Yule wa Ukerewe alisomea uhandisi. Aliniambia kwamba hesabu alizozifundisha kwa mikono yake yenye chaki ndizo alizozielewa zaidi, na alizosoma peke yake chuoni amezisahau.

Sasa niseme lililo moyoni. Tukisimulia haya, watu hufurahi, na sisi wenyewe hufurahi, na kuna hatari katika furaha hiyo. Wanafunzi wa umri wa miaka kumi na tisa walikuwa wanashusha pindi saa tano usiku kwa sababu mwalimu alikuwa mmoja mahali palipohitaji watatu. Tulivuka, lakini si wote. Katika darasa letu kuna walioanguka hisabati ambao wangefaulu kwa mwalimu mmoja zaidi, na wao hawakuja Morogoro. Kumbukumbu nzuri ya bweni isitumike kufunika pengo hilo. Na pengo halijazibika. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa, na hilo ni jambo kubwa ambalo mama yangu angelipenda lije mapema. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya, zikafika 65 kwa jumla, za sanaa, michezo, lugha, biashara na dini. Ni habari njema kwa mtoto ambaye kipaji chake hakikuwa na herufi tatu za kukibeba. Lakini kila tahasusi inataka mtu wa kusimama mbele ya darasa, na walimu niliowataja, wenye shahada na wasio na ajira, wapo mitaani.

Wizara zinazohusika ziwaajiri. Shule ya bweni iliyoko mbali na lami ianze nao, na masomo ya sayansi na hisabati yatangulie. Hilo ni la serikali na halina mbadala.

La kwetu ni dogo na linawezekana wiki hii. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na miezi ya Februari, Machi na Aprili ndiyo ambayo mwanafunzi huona amebaki peke yake na mada asiyoielewa. Kule Morogoro tulikubaliana kwamba kila mmoja wetu atarudi Jumamosi moja katika miezi hiyo, aende shule ya sekondari ya juu iliyo karibu naye, si lazima tuliyosoma, aombe ruhusa kwa mkuu wa shule na afundishe mada moja anayoijua vizuri. Daktari atachukua mfumo wa damu. Mwenye duka la vipuri, aliyesoma EGM, atachukua uchumi wa bei na mahitaji. Mimi nitachukua ushairi. Wewe unayesoma gazeti hili, kama ulipita kidato cha sita mwaka wowote, una mada moja ambayo mtu alikushushia usiku na haijawahi kukutoka. Mpigie simu mkuu wa shule iliyo jirani nawe, mwambie jina lako na mada yako, uulize Jumamosi ipi wana nafasi.